Boti ya Rimoti: Anza na Maji, Mota Baadaye

Ukitaka kujua ni boti gani ya umeme ya rimoti itakayokufaa, acha kwanza kuangalia picha za mota kwenye simu. Nenda lamboni ukahesabu hatua.

Lambo ninalolitumia mimi hapa Nyambureti lina hatua themanini kutoka kwenye tuta hadi kwenye matete ya upande wa pili. Tuseme mita sitini. Boti inayokwenda kilomita 60 kwa saa hukata karibu mita 17 kila sekunde, kwa hiyo ukivuta trigga hadi mwisho, kabla hujafika "nne" katika kuhesabu imeshazama kwenye matete, na humo ndani hujui kuna nini. Boti ya kilomita 30 kwa saa inakupa sekunde saba. Ndani ya sekunde saba mtu anawaza, anapunguza moto na anakata kona.

Wengi tunaanzia mkiani. Tunanunua mota kwa sababu ndiyo inayosifiwa, kisha tunahangaika kutafuta bodi ya kuibeba, na mwisho kabisa ndipo tunajiuliza tutaichezea wapi. Ufuate mpangilio huu: maji, bodi, propela, mota, betri. Kwenye bodi na propela nitakaa muda mrefu zaidi, maana huko ndiko pesa za watu zinakozama.

Maji ya kwetu Serengeti na Tarime hayana aina nyingi. Kuna malambo ya mifugo. Kuna Mto Mara, na huo uache: boti ikizimika katikati, mamba na viboko hawakupi ruhusa ya kuifuata. Kuna bwawa la Manchira karibu na Mugumu, lakini yale ni maji ya kunywa ya mji, usitumbukize hata kijiti kabla ya kuomba kibali kwa wanaolisimamia. Halafu kuna ziwa lenyewe, Victoria, kwa aliye tayari kupanda basi mpaka Musoma.

Ziwa lina tabia ambayo mvuvi yeyote wa dagaa anaijua. Usiku hadi asubuhi upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Jua likishapanda, upepo hugeuka ukatoka ziwani kuja ufukweni, na mawimbi huja nao. Kwa mwenye boti ndogo hii ni biashara yenye faida na hasara. Asubuhi maji yametulia kama uji uliopoa, boti inaruka unavyotaka, lakini ikizimika upepo unaichukua kuelekea Ukerewe. Alasiri upepo utakurudishia boti yako mwenyewe miguuni, ila maji yamechafuka na boti nyepesi inapinduliwa. Ukishajua utacheza saa ngapi, nusu ya uchaguzi wa bodi umeshaufanya.

Sasa bodi. Kwa mwendo wa kasi lazima ifahamike tofauti ya kuelea na kuteleza. Mtumbwi mrefu wa mvuvi unasukuma maji pembeni, ndiyo maana injini ndogo ya kupachika inautosha na mzigo wake. Boti ya kasi haisukumi maji. Inapanda juu yake na kuteleza, na sehemu inayogusa maji inabaki ndogo tu kule nyuma. Tofauti za bodi zote za kasi ni majibu tofauti ya swali moja: tuguse maji kidogo kiasi gani bila kupinduka?

Bodi yenye tumbo la V ndiyo inayogusa zaidi. Ile V, ikiwa na mteremko wa nyuzi kama ishirini kule nyuma, inachana wimbi badala ya kuligonga. Ni ya mwendo wa wastani ukilinganisha na wenzake, lakini inasamehe. Tatizo lake moja ni kwamba propela ikizunguka upande huu, bodi hutaka kulalia upande wa pili. Unaisawazisha kwa kusogeza betri sentimita moja au mbili kwenda upande unaoinuka.

Katamarani ina miguu miwili na mfereji katikati. Hewa inaingia mferejini na kuinyanyua, kwa hiyo inakwenda kasi zaidi kwa nguvu ileile na inakata kona ikiwa imelala sawa. Wazo la chombo kusimama kwa miguu si geni kwetu: ngalawa ya pwani na matengo yake mawili imetulia kwa sababu hiyohiyo, na watoto wa Zanzibar wanashindanisha ngalawa ndogo za kuchonga bila kumsubiri mtu awaletee rimoti. Ila hewa ileile inayoibeba katamarani ndiyo inayoipindua. Upepo wa ghafla ukiingia mferejini kutoka mbele, omo inanyanyuka, boti inapiga samasoti na kulala chali, na chali haiwezi kujigeuza.

Halafu kuna haidro, ile yenye mabawa mawili mbele na propela nyuma, inayogusa maji sehemu tatu tu. Hakuna bodi yenye kasi kama hiyo. Inataka maji kama kioo, kwa kawaida imefungwa pezi la kukatia kona upande wa kulia tu kwa sababu mashindano huzunguka kufuata mshale wa saa, na ukiipeleka kushoto kwa kasi inakukatalia. Kwa lambo na kwa ziwa la mchana, haidro ni pesa iliyotupwa. Ninajua picha zake ndizo zinazovutia kuliko zote.

Hukumu yangu basi. Kwa lambo, chukua V ya sentimita 40 hadi 45. Kwa ziwa, V ya sentimita 65 hadi 75, kwa sababu urefu ndio unaoshinda mawimbi. Katamarani iwe boti ya pili, baada ya kupoteza woga na kupata mwenzako mwenye boti ya kwenda kuiokoa.

Bodi unaweza kuinunua ya plastiki au ya faiba, au kuiunda mwenyewe kwa mbao za plaiwudi za milimita tatu. Unakata vipande, unavishona kwa waya mwembamba wa shaba, unapaka epoksi na kitambaa cha faiba kwenye maungio, kisha unachomoa waya. Mafundi wa mialo ya ziwani watakuelewa haraka ukiwaonyesha mchoro. Kazi ya mkuku na mbavu ni yao.

Kuhusu resini niliadhibiwa. Bodi yangu ya kwanza niliichonga kwa povu jeupe la boksi la samaki, nikailainisha kwa msasa siku mbili, ikapendeza. Nikaenda kwa muuza vifaa, nikaomba "resini ya faiba", nikapewa ile ya poliesta inayonuka ukali. Nilipopaka mkono wa kwanza nikasikia mlio mdogo kama soda inayofunguliwa. Povu likaanza kuzama chini ya brashi, likatoboka, likanywea kama sukari kwenye chai. Baada ya dakika tano nilikuwa na ganda lenye mikunjo na mikono inayonata. Poliesta inayeyusha povu jeupe, epoksi haiyeyushi. Uliza jina kabla ya kulipa.

Bodi ikishapatikana, tafuta uzito unakaa wapi. Pima kutoka ubao wa nyuma: kwa V na katamarani, boti yenye kila kitu ndani ijisawazishe kwenye kidole katika takribani asilimia 30 ya urefu wake. Bodi ya sentimita 70 inapata sentimita 21. Ikiwa nzito mbele inalima maji. Ikiwa nzito nyuma inarukaruka kama ndama aliyefunguliwa. Betri ndiyo mzigo mkubwa, kwa hiyo ibandike kwa mkanda wa velkro unaoweza kusogezwa, usiigandishe.

Tukifika kwenye propela, niombe uvumilivu, kuna hesabu kidogo. Propela za boti za kasi huandikwa kwa namba. X442 ya Octura, kwa mfano, ina kipenyo cha milimita 42, na ile 4 ya mwanzo inasema hatua yake ni mara 1.4 ya kipenyo. Yaani ikizunguka mara moja bila kuteleza ingesogea milimita 58.8. Mota nayo ina namba ya KV: mizunguko kwa dakika kwa kila volti moja ikiwa haina mzigo. Mota ya KV 1,800 kwenye betri ya lipo ya seli nne, volti 14.8, ni mizunguko 26,640. Chini ya mzigo itabaki kama asilimia 80 ya hiyo, na propela itateleza kama asilimia 15. Ukizidisha yote unapata karibu kilomita 64 kwa saa. Mota hiyohiyo na propela hiyohiyo kwenye seli tatu, volti 11.1, inakupa karibu kilomita 48.

Kwa hiyo seli moja zaidi imeongeza theluthi ya mwendo. Watu wengi huishia hapo, na hapo ndipo moshi unapoanzia. Propela hula nguvu kwa mchemraba wa mizunguko: ukiongeza mizunguko kwa theluthi, nguvu inayohitajika inakuwa mara mbili na theluthi hivi. Kama kwenye seli tatu boti ilikuwa inavuta ampea 40, sawa na wati 444, kwenye seli nne itavuta karibu ampea 71, zaidi ya wati 1,000. Kidhibiti mwendo chako, lile sanduku dogo kati ya betri na mota, kilikuwa kinapumua, sasa kinakohoa. Kipenyo cha propela nacho kina hila hiyohiyo. Kutoka milimita 42 kwenda 45 unaona kama kitu kidogo, lakini mzigo unapanda kwa theluthi moja au zaidi.

Ndiyo maana nasema ukiongeza, ongeza kimoja tu. Ukipanda seli, shuka propela. Boti ya ziwani ya sentimita 70 ianze na seli tatu na propela ya 40 au 42. Ukishaijua, nenda seli nne na urudi 40. Kwa mota, chagua isiyo na kaboni, yenye kipenyo cha milimita 36 na urefu wa milimita 60 au zaidi. Lenga mizunguko kati ya 20,000 na 30,000 ukizidisha KV kwa volti. Mota ya KV 3,500 iliyoandikwa kwa maandishi mekundu kwenye boksi ni ya gari dogo la kuchezea, si ya kuzungusha propela ndani ya maji. Boti ya lambo inatosheka na mota ya milimita 28, seli mbili, KV 2,900 na propela ya milimita 30.

Kidhibiti kiwe cha maji, chenye vibomba viwili vya kupitisha maji ya kupoza, na kiwe na namba kubwa kuliko unayohitaji: kwa mvuto wa ampea 70 nunua cha 120. Maji yachotwe kwa bomba dogo kwenye usukani, nyuma ya propela, yapite kwenye kidhibiti kwanza, ndipo yaende kwenye koti la mota na kutokea ubavuni ambako utayaona yanaruka. Usipoyaona, simamisha. Ziwani magugu maji huziba lile tundu, na kipande cha jani kinatosha. Waya za betri ziwe fupi; ukizirefusha, zile kapasita za kidhibiti huchemka na kufa mapema bila kukuambia.

Siku moja baada ya kuzunguka lamboni niliitoa boti, mzee mmoja aliyeleta ng'ombe akasogea.

"Mura, hiyo inakunywa mafuta wapi?"

"Haina mafuta, tata. Ni betri."

Akainama, akaweka kiganja juu ya kifuniko, akakitoa upesi. "Basi hiyo betri ina homa."

Alikuwa sahihi. Nilipofungua, lehemu kwenye plagi moja ilikuwa imelainika na waya umeanza kujivuta. Tangu hapo kipimo changu ni chake: endesha dakika moja, toa, gusa mota, kidhibiti, betri na kila plagi. Ukiweza kuweka kidole ukahesabu hadi tano, endesha dakika mbili. Usipoweza, punguza propela kabla ya kulaumu kitu kingine chochote. Na kwenye swali lake la mafuta, umeme una faida hapa kwetu ambayo watu wa pwani hawaihisi: uso wa Ziwa Victoria uko kama mita 1,134 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na injini ya petroli isiyo na msaada wa kusukumiwa hewa hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Mota ya umeme haivuti hewa. Hata chombo cha kwanza kuendeshwa kwa redio mbele ya watu kilikuwa boti ya betri: Nikola Tesla aliionyesha New York mwaka 1898.

Betri. Vijana wengi huniuliza kama betri za laptopu mbovu zinafaa. Zile seli za duara zinatunza umeme vizuri, lakini kuutoa kwa haraka haziwezi. Ihesabie kila moja ampea tano. Kwa ampea 60 unahitaji seli 12 sambamba, mara nne kwa volti, jumla 48. Hizo ni zaidi ya kilo mbili. Lipo ya seli nne ya miliampea-saa 5,000 inafanya kazi hiyo kwa nusu kilo hivi. Betri ya asidi ya pikipiki usiitaje. Ila betri ya drili ya mkono ya volti 18 ni mwanzo mzuri kwa boti ndogo, na ukiwa na fundi wa aluminiamu jirani unaweza kuiazima Jumapili.

Ile namba ya C kwenye lipo, inayodai betri inaweza kutoa umeme kwa haraka kiasi gani, iamini nusu. Usiishushe chini ya volti 3.3 kwa seli, na ukiiweka wiki nzima ibaki 3.8, si ikiwa imejaa. Kwa matumizi ya wastani wa ampea 60, betri ya 5,000 inakupa dakika nne za raha. Weka kengele ya dakika tatu na nusu. Kuchaji kwa sola kunawezekana kabisa: betri ya sola ya volti 12 na ampea-saa 100, ukitumia nusu yake tu, inajaza lipo hiyo kama mara nane. Chaji kwenye karai lenye mchanga, nje ya nyumba, nawe uwepo.

Ndugu akikuletea kutoka Dubai au kwingine, mwambie lipo haziingii kwenye mzigo wa chini wa ndege. Zinabebwa mkononi, plagi zikiwa zimezibwa kwa selotepu. Chini ya wati-saa 100 hahitaji kuomba idhini ya shirika la ndege. Lipo ya seli nne ya 5,000 ni wati-saa 74, hivyo inapita. Ya seli sita ni 111, hiyo ataomba ruhusa.

Yaliyobaki ni mafupi lakini ndiyo yanayookoa boti. Rimoti iwe ya gigahezi 2.4, na antena ya kipokezi isimame juu ya usawa wa maji ndani ya mrija wa soda, kwa sababu maji hunywa mawimbi hayo. Kabla ya kuingiza boti majini, zima rimoti makusudi uone kama propela inasimama. Isiposimama, rekebisha hapohapo. Jaza omo na mbavu kwa vipande vya povu au ndala zilizochakaa, ili bodi ikijaa maji hadi ngamani bado ielee. Ziba kifuniko kwa selotepu pana. Shafti ya waya inayozungusha propela itolewe na kupakwa grisi kila siku ya mchezo.

Na beba mshipi mrefu wenye galoni tupu la lita tatu mwishoni. Unalirusha mbele ya boti iliyozimika, unavuta, linaikokota. Usiingie kuifuata kwa miguu: lamboni na ukingoni mwa ziwa kuna kichocho, na hakuna boti yenye thamani ya dawa za ugonjwa huo.

Jambo la mwisho ni la majirani. Lambo lilichimbwa kwa ajili ya ng'ombe. Wakionekana wanateremka, toa boti majini, kaa pembeni ya tuta, subiri wanywe.